Kerneli Mpya na Lori la Alhamisi

Mwezi uliopita, pale Nyakanazi, mtu mmoja alinitambua kwa vijiti vya meno. Nilikuwa nimekaa kwenye banda la chakula karibu na kituo cha mafuta nikisubiri basi la Biharamulo, sahani ya wali na maharage mbele yangu, na bila kujijua nilikuwa nimevimwaga vijiti kutoka kwenye kikopo chake na kuvilaza mezani vikifuatana, ncha zote upande mmoja. "Konsolata," sauti ikasema nyuma yangu, "hujapona tu?" Alikuwa Deo. Mvi zilikuwa zimempanda kuanzia masikioni na tumbo lilikuwa limemtangulia, lakini kicheko kilikuwa kilekile, cha mtu anayekucheka huku anakusogezea kiti. Miaka ile yeye alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mimi msichana wa Ngara mwenye miaka ishirini, na tulifanya kazi chumba kimoja. Siku hizi, aliniambia, anafuata vipuri vya pikipiki Kahama na kuvivusha mpaka wa Kabanga kwenda kwao. Tulizungumza mpaka basi langu likaondoka bila mimi. Nilipopanda la pili nilicheka peke yangu njia nzima, hadi abiria wa pembeni akavuta mkoba wake karibu.

Kazi yetu ilikuwa kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao wakati wa kukimbia. Ofisi ilikuwa nje kidogo ya kambi, nyumba ndefu ya matofali yenye vyumba vinne, na jiko nyuma yake. Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani ghala la mbegu, na kwa mwaka mzima niliokaa humo harufu ya dawa ya mahindi haikutoka ukutani. Tulikuwa na meza moja, viti viwili visivyolingana urefu, dirisha la wavu, na mashine yenyewe, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu ambacho mpishi wetu, Mama Sabina, alikidarizi kwa mkono. Kila asubuhi nilikikunja kitambaa kile mara nne. Kingo zisipokutana, nilikikunjua na kuanza upya. Ukutani upande wa pili ndiko kina mama wa kambini walikokaa wakipekua albamu za picha, nami niliwasikia siku nzima. "Huyu si mtoto wa jirani yetu Rusia?" "Oya, sha, siye. Wa Rusia alikuwa na kovu hapa." "Kovu linapotea." "Kovu lile? Labda apotee yeye." Walicheka. Nilikuwa bado sijaelewa kwamba mtu anaweza kucheka akiwa katikati ya kazi kama ile, na niliwaona wakosefu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Barua ya mistari mitano niliichapa mara tatu. Usiku nililala nikikumbuka nukta niliyoisahau.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi ikiwa pembeni. Mfumo wake haukuwa ule uliozoeleka maofisini. Ulikuwa Linux, ule unaotolewa bure na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuurekebisha. Mgeni mmoja aliyeufunga alikaa nasi siku nne, akala ndizi za Mama Sabina mpaka akaomba afundishwe kuzipika, kisha akaenda zake na diski zote za kufungia. Nilimwona kama mtu aliyetuachia nyumba bila funguo. Kwa miezi nilifungua mafaili moja baada ya jingine nikisoma nisiyoyaelewa, na siku moja yakaanza kueleweka, kidogokidogo, kama Kirundi cha Deo kilivyoanza kueleweka. Sijawahi kusahau furaha ile. Lakini nilipoulizwa na mratibu wa ofisi kama ninaijua mashine, sikusema ninajifunza. Nilisema ninaijua.

Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, printa yetu ya zamani ilipokufa. Ilikufa vibaya, kwa moshi, ikiwa katikati ya ukurasa. Jumatatu mratibu akaleta mpya kutoka Ngara mjini, nyeupe, nyepesi, yenye waya wa plagi ndogo bapa. Tundu la plagi ile mashine yetu ilikuwa nalo. Tukachomeka, taa ya kijani ikawaka, na kompyuta haikusema chochote. Nilijua kwa nini. Kerneli ni kile kiini cha mfumo kinachoamka kwanza mashine inapowashwa. Ndicho kinachojua diski iko wapi, kibodi ni ipi, na printa inazungumza lugha gani. Kifaa ambacho kerneli haikijui ni kama hakipo, hata kama kiko mezani kinawaka. Kerneli yetu ilikuwa ya zamani, ya kabla ya plagi zile. Mpya tulikuwa nayo kwenye sidii ambayo mgeni yule aliituma baadaye kwenye bahasha, lakini ilikuja kama unga mbichi: ilibidi mashine yenyewe iipike, saa kadhaa, baada ya kujibiwa mamia ya maswali kuhusu nini kitiwe na nini kiachwe.

"Konsolata," mratibu akaniuliza, "hii utaiweza? Alhamisi asubuhi lori linaondoka."

"Nitaiweza, bwana. Nimeshafanya mara nyingi."

Sikuwa nimefanya hata mara moja. Nayaandika haya leo nikiwa na miaka ya kutosha kutoona haya, na bado masikio yananipata moto.

Lori lile lilikuwa la msafara wa watu waliochagua kurudi kwao. Lilibeba pia mabango yetu: kurasa zenye picha za watoto na maneno machache chini yake, za kubandikwa kwenye masoko na makanisa ng'ambo ya mpaka. Baada ya hapo mvua ingekata barabara na hakuna aliyejua msafara mwingine ungekuwa lini. Na safari hii kwenye mabango angekuwamo Kadogo. Alikuwa msichana wa miaka sita hivi aliyeletwa ofisini baada ya mabango ya mwisho kutoka, na Mama Sabina, ambaye alikuwa mjane na watoto wake wamekwishaondoka nyumbani, alimchukua kwake akakae naye wakati tukitafuta. Kadogo alikaa jikoni akichambua maharage na kuyapanga kwa rangi, jambo ambalo mimi nililipenda sana. Nilimsikia Mama Sabina akimwambia jirani yake dirishani kwangu, "Mama yake asipopatikana mapema, huyu atamsahau uso. Tayari ananiita mama. Mimi nitafurahi, ndiyo. Halafu siku moja mwanamke wa watu atakuja, na mtoto atanikumbatia mimi miguu. Nitamwambia nini mwenzangu?" Nikabaki nimeshika kibodi, sichapi.

Jumanne saa mbili asubuhi, jenereta ilipowashwa, nilianza na maswali. Jenereta ilizimwa kila siku saa sita mchana ipoe, ikawashwa tena saa nane hadi saa kumi na moja, kwa hiyo kerneli ilipaswa kuiva ndani ya saa nne. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa ya kupunguza vitu. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka kerneli safi. Swali la kifaa tusichokuwa nacho, hapana. Swali la jina nisilolijua, hapana. Hapana, hapana, hapana. Deo alikuwa kwenye kiti kifupi akigundisha picha za watoto kwenye kadi zao. "Dada, unachagua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele," alisema. "Angalia usitoe na mchele." Nikamwambia anyamaze. Saa tano na nusu kerneli ikaiva, ndogo, nadhifu, nami nikaiweka mahali pake. Orodha inayotokea mashine inapowaka sasa ilikuwa na mistari miwili, kerneli ya zamani na mpya, na miwili ilinikera. Mmoja ulikuwa hauna kazi tena. Nikaufuta, na kerneli ya zamani nikaifuta nayo. Nilikula chakula cha mchana siku ile kwa hamu ambayo sikuwa nimeipata wiki nzima.

Saa nane nikawasha. Maandishi yakatiririka kwenye skrini, kisha yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema kerneli imeshindwa kuifungua diski, na kwamba imeingiwa na taharuki. Neno lenyewe la Kiingereza nililitafuta kwenye kamusi mara mbili nikitumaini lina maana nyingine. Nikazima, nikawasha. Taharuki. Kati ya majina yale niliyoyakataa, moja lilikuwa la namna diski yetu ilivyopanga mafaili yake. Nilikuwa nimetengeneza kiini kisichoweza kusoma nyumba yake chenyewe, nikafuta kingine kilichoweza. Humo ndani kulikuwa na majina yote, picha zote, kila alichokikumbuka kila mtoto.

Nilitoka nyuma ya jiko nikatapika. Mama Sabina akanikuta nimeshika ukuta.

"Una mimba?"

"Hapana, mama."

"Kuna aliyekufa?"

"Nimeua kompyuta."

Akaninyooshea mwiko. "Kompyuta haina mama wa kuilia. Nawa uso. Halafu nenda kamwambie aliye na akili kuliko wewe."

Mwenye akili kuliko mimi alikuwa bado anagundisha picha. Nilimweleza yote, na uongo wa Jumatatu nikamweleza pia, kwa sababu nikishaanza kukiri huwa siwezi kuishia katikati. Deo akaweka gundi chini. Akatoa kwenye mfuko wa shati diski ndogo ya flopi iliyofungwa kwenye nailoni ya chumvi, akaiweka mezani. Ilikuwa kerneli ya zamani. Alikuwa ameinakili jana yake jioni nilipokwenda kunawa mikono, akifuata ukurasa mmoja wa kitabu changu ambao mimi niliuruka nikiuona ni wa waoga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeikataa. Ungesema inachafua meza."

Ni kweli, ningesema hivyo.

"Sikiliza, Konsolata. Kule kambini, familia ikihamishiwa kiwanja kipya, turubai wanalo moja tu. Unadhani wanaling'oa asubuhi na kwenda kulifunga kule? Hata. Wanaazima la jirani, wanalala kule usiku mmoja, wanaangalia maji yanapita wapi. Wakiamka wakavu, ndipo wanang'oa la zamani. Mtoto wa kambini analijua hilo. Ninyi wenye nyumba za bati ndio mnaotupa kabla hamjalala."

Alisema bila ubaya wowote, akivua kofia ya kalamu yake kwa meno. Hata leo sijui kama kuna mwalimu aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko hicho. Nilikulia Ngara, nyumba yetu ilikuwa palepale kabla sijazaliwa, na kwangu cha zamani kilikuwa taka. Yeye alikuwa amehama mara nne akiwa na watu wa kuwalaza. Tukaingiza flopi. Mashine ikakwaruza, ikakohoa, ikasoma, na diski ikafunguka. Watoto wote walikuwamo. Niliwapekua mmoja mmoja kuanzia wa kwanza, Deo akiapa kwa Kirundi, "Yampayinka, utawahesabu mpaka Pasaka."

Kabla sijaanza tena nilikwenda kwa mratibu. Nilisimama mlangoni nikamwambia nimedanganya, sijawahi kufanya kazi ile, na nimepoteza siku nzima. Alikuwa anasaini makaratasi na hakuinua kichwa. "Nilijua," alisema. "Mtu aliyefanya mara nyingi hajibu haraka vile. Alhamisi ipo palepale. Nenda." Nimefikiria jibu lile mara nyingi. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba siku nitakayogundulika sijui kitu, dunia itafunga mlango. Niligundulika saa tisa alasiri, na nikaambiwa niende nikamalize kazi.

Alasiri ile tulijibu maswali upya, Deo akisoma kwa sauti na lafudhi yake, mimi nikijibu. Safari hii jina nisilolijua tulilitafuta kitabuni, na tusipolipata tulisema ndiyo. Kerneli ikanenepa. Ilitiwa vitu vya mashine ambazo hatukuwa nazo na hatungekuwa nazo, na kila ndiyo iliniuma kama kibanzi. "Iache inenepe," Deo alisema. "Mnene havunjiki." Tatizo likawa muda. Jumatano saa mbili asubuhi tukaanza kuipika, na kufika saa nne niliona dhahiri kwamba muda wa jenereta hautatosha. Ikizimwa katikati na kuanzwa tena saa nane, mchana ungeisha bila ya kuchapa. Nikamwomba fundi wa jenereta, Bahati, aiache iendelee. Alikuwa mtu wa kufuata saa kuliko redio. Akasema saa sita ni saa sita, mashine ya watu ikiungua nani atalipa.

Nilikwenda jikoni nimekata tamaa, nikamweleza Mama Sabina. Akageuza nyama chunguni. Saa tano na robo nilisikia sauti yake uani. "Bahati! Njoo ule, baba, kabla havijapoa." "Saa bado, mama." "Saa ya nini? Nimepika matoke na nyama leo. Ukitaka kusubiri wenzio, utakuta mifupa." Bahati akaja. Dirishani kwangu nilimwona amekaa kwenye kigoda, sahani magotini. Mama Sabina akasahau chumvi, akamwambia asubiri. Akaleta chumvi, akasahau pilipili. Saa sita kasoro tano Bahati akainuka nusu, na Mama Sabina akamwongezea upawa mwingine bila kuuliza. "Hebu kaa, unakula umesimama kama askari? Na mke wako ameshajifungua?" Swali hilo lilichukua dakika kumi, maana mke wake alikuwa amejifungua mapacha. Kadogo akatumwa kuleta maji ya kunawa na akaambiwa kwa ishara ya macho apitie njia ndefu. Alizunguka nyumba nzima na birika kichwani, taratibu, akiwa makini kama padri. Deo alikuwa ameuma kola ya shati ili asicheke. Saa sita na dakika ishirini na mbili maandishi yakasimama kwenye skrini, na kerneli ikawa imeiva. Nikapiga kofi moja mezani. Uani Mama Sabina akasema, "Haya Bahati, umeshiba sasa, nenda kazime mtambo wako."

Saa nane niliiweka kerneli mpya mahali pake, chini ya ile ya zamani niliyokuwa nimeirudisha. Mistari miwili. Niliitazama na sikugusa. Deo akasogeza kiti chake nyuma ili asije akaonekana amenisaidia. Nikachagua wa pili, nikabonyeza. Maandishi yakatiririka, yakapita pale yaliposimama jana, yakaendelea, diski ikafunguka, mstari mmoja ukataja plagi bapa kwa jina lake, na mwisho kabisa mashine ikauliza, kama ilivyouliza kila siku, mimi ni nani. Nikaandika jina langu. Sijawahi kuliandika kwa raha kiasi kile, si shuleni, si kwenye cheti cha ndoa.

Ukurasa wa kwanza tuliochapa ulikuwa wa Kadogo na watoto wengine watano. Printa ilivuta karatasi kwa sauti ya mtu anayevuta kamasi, kisha uso wake ukatoka, kuanzia nywele, nyusi, yale macho yasiyocheka. Pembeni kulikuwa na mstari mwembamba wa wino, urefu wa kidole. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuuchana ukurasa ule niuchape upya. Mama Sabina alikuwa mlangoni, akikausha mikono. Nikauweka juu ya meza, nikachapa unaofuata. Tulimaliza saa kumi na moja kasoro, jenereta ikakoroma na kunyamaza, na tukakaa watatu kwenye giza lile dogo la ghala tukinusa wino. Alhamisi asubuhi Deo alilikimbilia lori na bahasha kifuani, ingawa lilikuwa halijaanza hata kupakia.

Jibu lilikuja mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa redio ya mawasiliano, kwamba kuna mwanamke ameuona uso wa Kadogo ukutani mwa kanisa na hataki kuondoka pale mpaka aambiwe mtoto yuko wapi. Tulimpeleka Kadogo mpakani Kabanga kwa gari la ofisi, Mama Sabina akiwa amempaka mafuta mpaka anang'aa. Mwanamke yule alivuka kizuizi akitembea haraka kisha polepole. Kama Mama Sabina alivyotabiri, Kadogo alijificha nyuma ya kitenge chake. Mama mtu hakumvuta. Alichuchumaa mbali kidogo kwenye matope, akauliza kwa Kirundi kama anamkumbuka yule mbuzi wa nyumbani, aliitwa nani. Wabadilisha fedha walikuwa wameacha biashara zao wakitutazama. Kisha nyuma ya kitenge sauti ndogo ikasema, "Padri." Ofisa wa mpakani alicheka mpaka akaweka muhuri kichwa chini. Mama Sabina mwenyewe ndiye aliyeufungua mkono wa mtoto, kidole kimoja kimoja, akauweka kwenye mkono wa mwenzake, na wanawake wale wawili wakasalimiana kwa kushikana mabega kwa muda mrefu bila lugha.

Njiani kurudi Mama Sabina hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa furaha ambayo sikuijua ina ukubwa gani, na yeye akanipa ncha ya kitenge nijifutie. Kesho yake saa mbili, jenereta ilipowaka, nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, amemshika mkono mtoto wa kiume mwenye mafua, ambaye Mama alikuwa amekwenda kumchukua kambini alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu hayumo kwenye mashine yako, nimeuliza. Anasema baba yake alikuwa fundi cherehani." Akamkalisha kwenye kiti kifupi, akamfuta pua. "Haya, washa. Andika."